Siku Ambazo Safina Hakudaiwa

Mwezi wa saba ni mwezi wa baridi Dongobesh, mji mdogo wa milimani. Ukungu hushuka mpaka barabarani. Wenye maduka hufungua milango wakiwa wamevaa makoti, na mikono wameificha mifukoni.

Duka la Bwana Bashiri liko jirani na soko. Mbele wanauza sukari, sabuni, mafuta ya kupima na vitenge. Nyuma kuna stoo. Hapo Bashiri hununua maharage na vitunguu saumu kutoka kwa wakulima wa Masieda na Tumati, kisha huvipeleka Arusha kwa lori. Baba yake alikuja hapa zamani kutoka Kondoa, akaoa, akabaki.

Mke wake anaitwa Samira. Asubuhi moja ya mwezi huo, kama kila asubuhi, Samira aliswali, akawasha jiko, akachemsha chai ya maziwa. Alimimina vikombe vitatu. Kisha akakumbuka. Akairudisha chai ya kikombe kimoja kwenye sufuria.

"Safina amefunga tena?" Bashiri aliuliza.

"Amefunga. Analipa siku zake."

"Mashallah. Mtoto huyu anatuzidi imani sote." Bashiri alipuliza chai yake. "Sisi wengine tukimaliza Ramadhani tunakimbilia chapati."

Samira alicheka. Alikuwa na fahari moyoni. Binti yake wa pekee, mwenye miaka ishirini, alikuwa mcha Mungu.

Wakati huo Safina alikuwa stoo, anachambua maharage. Alikuwa amevaa masweta mawili, na juu yake hijabu ndefu nyeusi. Bado alitetemeka. Vidole vyake vilikuwa vya bluu kwenye kucha. Kila baada ya muda alisimama, akashika ukuta, akangoja kizunguzungu kipite. Kisha akaendelea kuchambua.

Mambo haya yalianza polepole. Baada ya Idi, Safina alisema anataka kulipa siku alizokula mwezi wa Ramadhani. Ni jambo la kawaida. Mwanamke wa Kiislamu akiwa katika hedhi hafungi. Anakula, na baadaye analipa siku hizo. Kisha Safina akasema anafunga sunna ya siku sita, ile funga ya hiari ya baada ya Idi. Kisha akaanza kufunga kila Jumatatu na Alhamisi. Mwishoni akawa anafunga karibu kila siku. Akiulizwa, jibu lilikuwa moja: "Nalipa, mama."

Samira hakuuliza zaidi. Katika nyumba ile, mambo ya siku za mwanamke hayakuzungumzwa kwa sauti. Mama mwenyewe aliona haya.

Jioni, wakati wa kufuturu, Safina alikunywa uji nusu kikombe. Kiazi alikivunjavunja kwenye sahani, akakisambaza, kikaonekana kimeliwa. "Nimeshiba," alisema. Kisha aliwahi kuondoa vyombo ili mtu asitazame. Lakini siku nyingine njaa ilimshinda. Aliingia dukani kwa siri, akala biskuti pakiti baada ya pakiti, mpaka tumbo likauma. Halafu alijitapisha, akalia peke yake. Kesho yake alifunga kwa ukali zaidi, kama mtu anayejiadhibu.

Nywele zilimtoka kwenye kitana. Alikuwa mpole zamani, sasa alikasirika kwa kitu kidogo. Rafiki zake wakija, alijificha. Bashiri alisema ni minyoo. Samira alisema ni vidonda vya tumbo, akanunua vidonge duka la dawa. Majirani mwanzoni walimsifu: "Umekuwa mwembamba, mrembo kama wale wa kwenye simu!" Baadaye sifa zikaisha. Wakaanza kunong'ona. Unajua watu wananong'ona nini wakiona msichana anakonda.

Wewe unayesoma, ukiziona dalili hizi kwa mtu wako, usifanye kama walivyofanya hawa. Usingoje mpaka aanguke.

Safina alianguka siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi.

Mzee Hermani, mkulima wa Masieda, alikuwa ameleta maharage. Alikuwa mteja wao wa miaka mingi na mtu wa maneno mengi.

"Shikamoo, Mzee Hermani," Safina alisema.

"Marahaba, binti. Baridi ya leo inang'ata kama siafu. Nipimie sukari kilo mbili. Na usiweke kidole kwenye mizani, nakuona!"

"Kidole changu hakina uzito, mzee."

"Kweli. Hata wewe mwenyewe huna. Upepo ukija tutakufunga kamba."

Safina alijaribu kutabasamu. Aliinama kuchota sukari. Hakuinuka. Bakuli lilidondoka, sukari ikamwagika sakafuni, na yeye akalala juu yake.

"Mama Safina!" Mzee Hermani alipiga kelele. "Mama Safina, njoo! Mtoto ameanguka!"

Bashiri alikuwa amekwenda Tumati kuangalia mashamba. Samira alitoka jikoni mbio. Mzee Hermani alisimamisha bodaboda. Walimweka Safina katikati, dereva mbele, mama nyuma akimshika. Samira alipomkumbatia ili asidondoke, alishtuka. Chini ya masweta mawili, alishika mifupa. Aliweza kuhesabu mbavu za mwanawe kwa vidole. Njia nzima mpaka kituo cha afya alirudia neno moja: "Yallah. Yallah."

Kituoni walimkuta Rogathe. Rogathe ni muuguzi, na nyumba yake iko nyuma ya duka la Bashiri. Ni Mlutheri, mama wa watoto wawili, mtu asiye na haraka. Aliwahi kupata mafunzo ya afya ya akili. Alipima shinikizo la damu. Lilikuwa chini. Alisikiliza moyo. Ulipiga taratibu mno. Alipima sukari kwenye damu. Ilikuwa chini sana.

Safina alifumbua macho. Rogathe alimletea kikombe cha maji yenye sukari. Safina alifunga midomo.

"Nimefunga," alisema kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, kunywa," Samira alisema. "Mungu anaona hali yako."

Safina aligeuza uso ukutani. Machozi yalimtoka, lakini midomo haikufunguka. Mama yake alikisogeza kikombe tena. Safina alikisukuma. Samira alishangaa nguvu iliyobaki katika mkono ule.

Daktari wa zamu aliamua awekewe dripu. Ilipoanza kushuka, Rogathe alimshika Samira mkono, wakatoka kukaa kwenye benchi la nje. Ukungu ulikuwa bado umefunika mlima.

"Mama Safina, mimi si Mwislamu," Rogathe alisema. "Naomba unielimishe. Safina anafunga nini? Ramadhani si ilishapita?"

"Analipa. Mwanamke akiwa kwenye siku zake hafungi. Anakuja kuzilipa baadaye."

"Ahaa. Na kwa kawaida mwanamke anadaiwa siku ngapi?"

"Tano. Sita. Saba ni nyingi."

"Na Safina amelipa kwa muda gani?"

Samira alihesabu kimyakimya. "Tangu Idi. Karibu miezi minne."

Rogathe alimwacha afikiri. Samira alianza kupitisha kidole kwenye mshono wa hijabu yake, akirudi, akienda.

"Mama Safina," Rogathe aliuliza kwa upole, "Ramadhani iliyopita, ni siku zipi ambazo Safina hakufunga?"

Samira alifikiri. Mwanamke asiyefunga hula chakula chake jikoni, kwa kujisitiri, mama yake akijua. Alijaribu kumkumbuka Safina akila jikoni mchana. Wiki ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Alikumbuka usiku wa Idi, jinsi Bashiri alivyomsifu binti yake mbele ya wageni: siku zote, bila kuacha hata moja!

"Hakuacha hata moja," Samira alisema. "Sista, alifunga mwezi mzima."

"Basi hakuwa na siku za kulipa."

"Hakuwa nazo." Samira alifunika uso. "Na hakuziona siku zake. Mwezi mzima hakuziona, na mimi mama yake sikugundua. Nilikuwa namsifu. Mwanangu alikuwa anakufa njaa, na mimi namwambia mashallah!"

Alilia kwa muda mrefu. Rogathe alikaa naye. Hakumwambia nyamaza.

"Mwili ukikosa chakula kwa muda mrefu, unaanza kuzima mambo," Rogathe alieleza baadaye. "Kama mtu anayezima taa chumba kimoja kimoja. Hedhi inazimika. Nywele zinatoka. Joto linapungua. Mwisho unafika kwenye moyo. Mwili wa Safina umeshafika karibu na moyo."

"Ni jini, sista? Au nimpeleke kwa mtu amwandikie kombe la aya anywe?"

"Omba dua, mama, ni haki yako. Lakini huu ni ugonjwa, na una jina. Tunauita ugonjwa wa ulaji. Unaanzia kwenye mawazo, unakuja kuua mwili. Si deko. Si kiburi. Si uchawi. Wanawake wengi wanao, na wanaume pia. Wengi wanauficha vizuri. Safina aliuficha ndani ya funga, kwa sababu alijua mtu aliyefunga haulizwi kwa nini hali."

Mchana Rogathe aliongea na Safina peke yake. Alivuta kiti karibu na kitanda.

"Sitakugombeza," alisema. "Nataka kujua tu. Njaa ikiwa kali, unasikiaje?"

Safina alivuta blanketi mpaka kidevuni. Kisha akasema, "Nasikia nimeweza kitu."

"Kitu gani?"

"Mtihani wa kidato cha nne ulinishinda. Nilipata sifuri, Dongobesh nzima inajua. Dukani nakosea chenji. Njaa haikunishinda, sista. Hicho ndicho kitu changu peke yangu. Mkininyang'anya, nabaki na nini?"

"Na ile siku mizani ilipoletwa stoo?" Rogathe aliuliza. Alikuwa jirani. Alikuwa amesikia.

Safina alifumba macho.

Ilikuwa msimu wa vitunguu saumu wa mwaka jana. Stoo ilijaa wakulima. Walikuwa na wasiwasi na mizani mpya ya Bashiri. Walisema inakula kilo zao. Ili kuwatoa wasiwasi, Bashiri alimwita binti yake, akamwambia apande mbele ya watu. Alisoma kilo kwa sauti. Kisha, kwa kuwa alipenda kuchekesha, akaongeza: "Gunia hili jamani halina soko! Linakaa tu nyumbani kula faida!" Stoo nzima ilicheka. Safina pia alicheka. Aliteremka, akaenda kuosha vyombo. Jioni hiyo hakula.

Bashiri alifika kituoni saa kumi, viatu vimejaa tope la Tumati. Rogathe alimweleza yote kwenye benchi lilelile. Alipofika kwenye habari ya mizani, Bashiri alisimama.

"Ulikuwa utani! Mimi natania kila mtu. Hata wewe nakutania."

"Najua, Baba Safina."

"Mwaka mzima umepita. Nani anakumbuka maneno ya mwaka mzima?"

"Wewe uliyasema mara moja," Rogathe alisema. "Yeye anayasikia kila akishika kijiko. Sikwambii kwamba wewe ndiye uliyemletea mtoto ugonjwa. Ugonjwa huu hauletwi na jambo moja. Kulikuwa na aibu ya mtihani. Kulikuwa na upweke. Kuna watu pia wanazaliwa na mwelekeo wa ugonjwa huu. Lakini nyasi zilikuwa zimekauka, na neno lako lilikuwa cheche."

Bashiri aliketi. Alikwangua tope la kiatu kwa kidole. Kisha aliuliza, "Anaweza kufa?"

"Anaweza. Ndiyo maana leo hii anakwenda hospitali kubwa. Gari linakuja."

"Nikiingia nimwambie nini?"

"Usimwambie ale. Wote tutamwambia hivyo. Mwambie lile ambalo ni wewe tu unayeweza kumwambia."

Bashiri aliingia. Samira alikuwa amekaa miguuni pa kitanda. Bashiri alivua kofia yake, akaizungusha mikononi. Alianza mara mbili, akashindwa. Mara ya tatu alisema, "Safina, ile siku stoo nilikukosea. Niliwachekesha watu kwa mwili wako. Mimi ni baba yako. Kazi yangu ilikuwa kukusitiri."

Safina hakumtazama. Bashiri alingoja, kisha akatoka nje na kusimama peke yake kwenye baridi mpaka gari lilipokuja.

Safina alilazwa siku kumi na mbili. Hospitali hawakumjazia chakula. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa vingi kwa ghafla, anaweza kudhurika zaidi. Walimpa kidogo kidogo, mara nyingi, huku wakipima damu na moyo. Kila siku mtaalamu wa afya ya akili alikuja kuzungumza naye. Alimfundisha kuitambua sauti ya ugonjwa na kuitenganisha na sauti yake mwenyewe. "Sauti inayosema wewe ni gunia si wewe," alimwambia. "Tutaijibu pamoja, mpaka siku utakapoweza kuijibu mwenyewe."

Bado Safina aliogopa. "Nikila mchana na nilikuwa nimenuia funga, si ninapata dhambi?" aliuliza kila siku. Basi Samira alimpigia simu Sheikhe Abdulrahim, aliyemfundisha Safina madrasa tangu akiwa mdogo. Sheikhe alipanda basi, akaja mwenyewe.

"Shikamoo, ustadhi."

"Marahaba, binti yangu. Mama yako amenieleza. Nisikilize. Mgonjwa ameruhusiwa kula. Ruhusa hiyo haikutoka kwangu wala kwa daktari. Imetoka kwa aliyekuumba. Mwili huu amekupa kama amana. Kuuharibu si ibada."

"Na siku nilizofunga?"

"Hizo mwachie Mungu. Yeye anajua ulikuwa unamkimbilia au unajikimbia."

Safina alirudi nyumbani mwezi wa nane. Rogathe aliwapa wazazi mambo ya kufuata. Wale pamoja, saa zilezile kila siku, hata kama Safina anakula kidogo. Wasizungumze habari za unene wala wembamba wa mtu yeyote. Mezani wazungumze mambo mengine. Baada ya kula wasimwache peke yake kwa saa moja, kwa sababu wakati huo ndipo hamu ya kutapika huwa kali. Uzito wake upimwe kliniki tu. Wasimlazimishe kwa kelele, wala wasimbembeleze kama mtoto mchanga.

"Na lini atapona?" Samira aliuliza.

"Sijui, mama. Wengine miezi. Wengine miaka. Kuna wanaopona kabisa. Lakini hakuna anayepona peke yake."

"Sisi wanawake tumezoea kuvumilia," Samira alisema. "Nitamwambia avumilie."

Rogathe alitikisa kichwa. "Kuvumilia alishavumilia sana. Alivumilia njaa, akavumilia aibu, akanyamaza. Ustahimilivu ni kitu kingine. Ni kusema 'leo nimezidiwa, nishike mkono.' Mfundishe hilo. Na wewe mwenyewe ujifunze."

Haikuwa rahisi. Siku nyingine Safina alikula vizuri. Siku nyingine alikaa mbele ya sahani akilia mpaka mboga ikaganda. Kuna jioni alimtukana mama yake, neno ambalo hakuwahi kulisema. Samira alitoka nje, akashika ukuta wa choo, akalia. Kisha akarudi, akakaa palepale.

Mwezi wa kumi msimu wa vitunguu saumu ulikuwa umepamba moto. Stoo ilijaa tena. Mzee Hermani alipomwona Safina alifurahi kwa moyo wote.

"Aaa, binti! Umepona! Umenenepa kabisa, umependeza!"

Huku kwetu hiyo ni sifa. Hermani alimaanisha: uko hai, nimefurahi. Lakini Safina alisikia jambo jingine. Alikwenda ndani. Siku tatu hakula chochote isipokuwa chai ya rangi. Usiku wa pili Samira alimsikia anatapika.

Siku ya nne, Safina mwenyewe alipita uani, akagonga kwa Rogathe.

"Shikamoo, sista. Nimerudi kulekule," alisema. "Nimezidiwa."

Rogathe alimkumbatia mlangoni. "Umeanguka. Lakini safari hii umekuja kwa miguu yako. Umeona tofauti?"

Siku hiyohiyo walikwenda kliniki. Na jioni Bashiri alifanya kitu ambacho watu walikizungumzia muda mrefu. Alisimama stoo, mbele ya wakulima walewale.

"Ndugu zangu, binti yangu anaumwa. Ugonjwa wake ni wa mawazo na wa chakula. Nawaomba kitu kimoja. Mkimwona, msimwambie amekonda wala amenenepa. Msalimieni tu. Mwulizeni habari za kazi."

Wakulima walitazamana. Mmoja alikohoa. Mzee Hermani aliinamisha kichwa.

"Bwana Bashiri, mimi ndiye niliyesema," alisema. "Nilidhani nambariki."

"Najua, mzee. Hata mimi nilidhani nachekesha."

Mkulima mwingine, baba wa makamo kutoka Tumati, alibaki wengine walipoondoka. Alizungukazunguka kwenye magunia. Mwishowe aliuliza kwa sauti ya chini, "Huyo nesi wenu, anapatikana siku gani? Mke wangu naye, chakula hakikai."

Mwezi wa kwanza Safina aliziona siku zake, baada ya mwaka mzima. Alimwambia mama yake jikoni, kwa maneno yaliyo wazi, na Samira hakuona haya. Rogathe aliposikia alifurahi, lakini akaonya: "Mwili unawasha taa. Mawazo yanachelewa. Ramadhani inakuja. Daktari amesema mwaka huu asifunge."

Sheikhe Abdulrahim alisema vilevile.

Ndipo ikafika siku ya kwanza ya Ramadhani. Dongobesh ilikuwa kimya. Hoteli za Waislamu zilikuwa zimefungwa milango. Saa saba mchana Samira, aliyekuwa amefunga, alisonga ugali. Aliweka mlenda, maharage na kikombe cha maziwa mgando. Alitandika mkeka jikoni, wakaketi wawili.

Safina aliangalia chakula. Hakukigusa. Mikono ilikuwa mapajani.

"Mama, wote mmefunga."

"Ndiyo."

"Ile sauti inapiga kelele leo. Inasema mimi ni mlafi. Inasema hata Mungu ananitazama."

"Na wewe unaijibu nini?"

Safina alifikiri. "Leo sina jibu."

"Basi kula bila jibu," Samira alisema.

Safina alinawa. Alikata tonge dogo, akalitia kwenye mlenda, akalishika muda mrefu karibu na mdomo. Kisha akala. Machozi yalishuka, naye akakata jingine.

Bashiri aliingia kutoka dukani, midomo imekauka. Hakusema hongera. Hakutazama sahani. Aliketi karibu na mlango, akaegemeza mgongo ukutani, akaanza kueleza habari ya lori lililokwama na dereva aliyekataa kuteremka kwa sababu ya viatu vipya. Alieleza polepole, akiongeza mambo ambayo huenda hayakutokea.

Ilichukua karibu saa nzima. Ugali ulipoa. Hakuna aliyemharakisha. Sahani ilipobaki tupu, hakuna aliyeinuka kuiondoa. Walibaki wameketi watatu, ile saa ngumu ya baada ya kula, mpaka adhana ya alasiri.